Nyuzi Tatu Tu, Baba Watoto!

Mume wangu anapiga gitaa, mimi naimba. Utadhani kwetu ni raha tupu, kumbe karibu mwaka mzima tulikuwa hatuimbi pamoja. Jamaa alikuwa anazicharaza nyuzi zote sita, sauti yangu inazama kabisa. Mwisho nikamwambia wazi: baba watoto, chagua, gitaa au mimi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyewahi kupiga rithimu kwenye bendi ya dansi. Alituambia kodi (si zile za TRA jamani!) kiini chake ni noti tatu. C meja ni C, E na G, basi. Nyuzi sita zinazirudia tu hizo hizo. Kwa hiyo shika tatu nyembamba: uzi wa tatu na wa pili freti ya 5, wa kwanza freti ya 3. Hiyo ni C. Panda sasa: wa tatu freti ya 9, wa pili na wa kwanza freti ya 8. Ni C ile ile, ila imekaa juu zaidi.

Hapo ndipo penye utamu. Nikiimba juu, yeye anashuka, nikishuka, anapanda. Sikiliza rumba ya Kinshasa, magitaa matatu yanalia kwa pamoja na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Jumapili iliyopita kabla hajaanza kupiga akanitazama, akauliza, "Mama watoto, leo unaanzia juu au chini?" Miaka tisa ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza ananiuliza.