Kibao cha Mapeasi

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha kwa ile barabara kuu, ukishaipita Limuru utawaona akina mama waliopanga ndoo za viazi na matunda kando ya lami. Mmoja wao ni mama yangu mzazi. Msimu ukifika yeye huuza mapeasi ya mipeasi minne aliyoipanda marehemu babu, na sehemu kubwa ya karo yangu hutoka humo.

Sasa basi, msimu uliopita jirani yetu wa pale barabarani alisimamisha kibao cha rangi nyekundu: MAPEASI NI DAWA YA KISUKARI. Lo! Magari yakawa yanasimama kwake tu. Mama akabaki akifukuza nzi. Kaka yangu akashauri kwamba nasi tuandike, tena tuongeze presha na saratani, kwani maneno hayalipiwi ushuru. Mama akanigeukia mimi. "Wewe unayesoma Baiolojia, hebu niambie, ni kweli?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Niliporudi shuleni nilibeba mapeasi yetu sita, mapera mawili, na peasi moja la Afrika Kusini nililolinunua supamaketi, jekundu, linang'aa, limebandikwa karatasi utadhani ni barua ya posta. Mwalimu wa Baiolojia aliniruhusu nikae maabara jioni moja.

Waliofika kidato cha tatu wanaijua ile dawa ya samawati iitwayo DCPIP. Ukiidondoshea maji ya tunda lenye vitamini C, rangi hupotea. Nilianza na pera: matone sita tu, rangi kwisha. Nikaja kwa peasi letu. Matone kumi, samawati. Ishirini, samawati. Hamsini, bado samawati! Lile la Afrika Kusini nalo vivyo hivyo, licha ya mashauo yake yote. Mwalimu akacheka, akanionyesha jedwali la vyakula: gramu 100 za peasi zina takriban miligramu 4 za vitamini C, na gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Nanyi wanachama wa Kiswahili mtafurahia hili: neno letu "pera" tulilipata kwa Wareno, na kwao "pera" ndilo peasi hasa. Jina ni la maskini, tunda ni tajiri.

Nilivunjika moyo, lakini mwalimu aliniambia kwamba DCPIP ni kama mtu wa swali moja. Peasi linayo majibu ya maswali mengine. Akalikata moja na kuliacha mezani. Kabla hatujamaliza kuosha neli, uso wake ulikuwa umegeuka kahawia. Kumbe ndani ya peasi mna asidi ya klorojeniki, mojawapo ya kemikali za jamii ya fenoli. Kisu kikipasua seli, kimeng'enya hukutana na asidi hiyo pamoja na oksijeni ya hewani, na rangi ya kahawia huzaliwa. Hizo fenoli ni miongoni mwa antioksidanti, yaani vitu vinavyoweza kuzima zile molekuli kali zinazoharibu seli. Nilitaka kujigamba kwamba letu liligeuka upesi kuliko lile la kigeni, mwalimu akanikatiza: kasi hutegemea pia wingi wa kimeng'enya na uivaji wa tunda, kwa hiyo hicho si kipimo cha ubora. Haya, nikanyamaza.

Jambo lililonishangaza zaidi ni ganda. Ganda la peasi lina fenoli nyingi mara kadhaa kuliko nyama yake, na aina hutofautiana. Yale mekundu yana anthosiyanini, ile rangi ya zabibu nyeusi, lakini hukaa gandani. Chukua aina ya Williams, iliyotoka Aldermaston huko Uingereza karibu mwaka 1770 katika bustani ya mwalimu wa shule; Wamarekani huiita Bartlett. Mwaka 1938, katika jimbo la Washington, mti wa aina hiyo ulionekana umezaa matunda mekundu. Ukilimenya peasi jekundu, wekundu uliolipia unautupia kuku. Na zile chembe kama mchanga ambazo wateja hulalamikia katika mapeasi yetu magumu? Ni seli za mawe, zenye kuta nene za selulosi na lignini. Si uchafu hata kidogo! Peasi moja la wastani, likiliwa na ganda, lina nyuzinyuzi karibu gramu 5, na hapo ndipo ninapolivulia kofia.

Ila pia lina sukari karibu gramu 17, kama vijiko vinne vya chai.

Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani Jumamosi moja wakati wa likizo, mzee mmoja aliposimama kwetu kununua ndoo nzima. Akasema kwa furaha kwamba tangu asome kibao cha jirani ameacha tembe zake za kisukari. Moyo ulinipiga paa! Nitamwambiaje mtu wa rika la babu yangu? Nilimtazama mama, naye akatikisa kichwa kunipa ruhusa.

"Guka, samahani. Peasi ni chakula kizuri, lakini lina sukari yake. Haliwezi kushika nafasi ya tembe."

"Kwani wewe ni daktari, mjukuu wangu?"

"La, Guka. Ndiyo maana nakuomba umuulize daktari kabla ya kula ndoo hii."

Alininunia kidogo. Mama akairudisha ndoo chini mwenyewe, shilingi za siku hiyo zikapita hivyo hivyo. Kaka alikasirika hadi jioni.

Kibao chetu sasa kipo, nimekiandika kwa chaki: MAPEASI MATAMU. OSHA, ULE NA GANDA. Jirani bado anauza kutushinda. Mzee yule alipita tena baada ya majuma mawili, akachagua mapeasi mawili tu, akachomoa kadi ya kliniki yenye tarehe mpya akanionyesha bila kusema neno. Mama akamfungia na sukumawiki ya bure.