Matairi Yanayozeeka Jangwani

Kila Januari mji mdogo wa Quartzsite, katika jangwa la Arizona, Marekani, hujaa trela za kulala. Wastaafu wanaokimbia baridi ya Kanada na majimbo ya kaskazini huziegesha juu ya changarawe na kuota jua hadi majira yageuke. Bibi akipika ndani, babu huzunguka nje akikagua matairi.

Hufurahi, maana kashata bado nene. Hapo ndipo wengi hukosea. Trela husafiri wiki chache kwa mwaka. Siku nyingine zote husimama juani, na mpira huchoka kabla kashata hazijaisha. Tairi likipasuka kwenye mwendo, vipande vyake huweza kuchana sakafu na kung'oa mabomba, na familia ikakwama njiani na nyumba yake.

Kwa hiyo umri kwanza. Ubavuni, mwisho wa namba ya DOT, kuna tarakimu 4: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Wengi hubadilisha yakifika miaka 5 au 6. Hata dukani zisomwe kabla ya kulipa, kwani lililo jipya huenda limelala stoo muda mrefu.

Kisha uzito. Trela ipimwe ikiwa na maji, vyakula na mablanketi yote ya bibi. Tairi la herufi E hubeba kuliko D, ila kwa kawaida hutaka upepo wa psi 80 badala ya 65, na rimu lazima ziuhimili. Alama ya ST ndiyo ya trela. Mengi ya hayo hayakutengenezwa kuzidi kilomita 105 kwa saa.

Bei ya matairi manne humkera babu. Bibi, ambaye kitanda chake kiko juu ya magurudumu, habishani.