Mama anabaki Bogoro

Wasikilizaji wetu, na ninyi ndugu mlio kambini, wengi mnaniuliza: mzee akikataa kuhama, tufanye nini?

Mama yangu amekataa. Tarehe 24 Februari 2003, Bogoro iliposhambuliwa, alikimbia, kisha akarudi akajenga upya. Leo miguu imechoka, nasi watoto tuko Bunia. Anasema hatalala tena kwa watu.

Tukamwomba mjane mmoja jirani aishi naye. Tukapatana mbele ya Mama: chumba chenye mlango, chakula, sehemu ya shamba, pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, na Jumapili ni yake.

Kisha mjane akauliza: "Risasi zikilia usiku, nitafanya nini na mzee asiyeweza kukimbia?"

Tukanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Wewe una watoto. Kimbia."

Tumemtafuta mwenye pikipiki wa kijijini wa kumleta Bunia mapema, habari mbaya zikianza. Yakitokea ya ghafla, mjane hatalaumiwa na mtu.

Ndugu, mshahara mtaupanga kwa urahisi. Swali hilo lijibuni kwanza, mzee mwenyewe akiwepo.