Kabla Hamjauza Ng'ombe Kusomesha Rubani

Juzi niliposti video ya binamu yangu akishuka kwenye Cessna Caravan, shati jeupe, mistari begani, miwani nyeusi. Swali la kwanza kutoka kwa watu likawa, "Analipwa ngapi?" La pili ndilo lililoninyima usingizi: "Shule ni wapi? Mzee yuko tayari kuuza ng'ombe."

Aki ngojeni kidogo.

Huku kwetu Kericho na Bomet, ukisema "rubani" mtu anaona Kenya Airways, Dreamliner, hoteli ya London, picha ya mawingu. Binamu yangu ni rubani msaidizi wa Caravan pale Wilson, Nairobi. Injini moja, propela moja, abiria kumi na wawili hivi. Asubuhi anapeleka watalii Mara: Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, anashusha wawili hapa, anapakia watatu pale, yaani matatu yenye mabawa. Viwanja vyenyewe ni vya murram, na kuna siku gari hutangulia kufukuza pundamilia ndio ndege itue. Mizigo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini tu, na mara nyingi anayeisukuma nyuma ya ndege jua likiwaka ni huyo huyo wa shati jeupe.

Na sio Kenya tu. Popote palipo na watalii na barabara mbaya, au bahari katikati, kuna vijana wa aina hii. Dar kwenda Zanzibar kwa Caravan ni kama dakika ishirini. Huko Caribbean, Winair wanatoka Sint Maarten na Twin Otter wanaenda kutua Saba, kisiwa chenye njia ya ndege ya mita 400 hivi, mlima upande mmoja na bahari pande zingine. Ukiona video ya Saba unashika kiti na uko kwa nyumba yako.

Wote hawa wanatafuta masaa. Laiseni ya kwanza, ile ya kujirushia mwenyewe, ni masaa 40 angani. Ya kulipwa ni kama 200, au 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa. Ya kuwa kepteni wa ndege kubwa ni 1,500. Sasa angalia hapo katikati. Shule inakufikisha 200, inakupiga picha na cheti, inakushika mkono. Kutoka 200 kwenda 1,500 hakuna shule. Kuna kampuni zinazotaka mtu mwenye uzoefu, na wewe uzoefu ndio umekuja kutafuta.

Halafu kuna utani mwingine. Kitabu cha rubani huhesabu masaa, sio jasho. Binamu yangu anaweza kutua mara sita kwa siku, kila mara akicheza na upepo, vumbi na swala, na jioni akaandika masaa matatu tu. Mwenzake kwenye ndege kubwa anatua mara moja Dubai na anaandika matano.

Na hata hicho kiti cha kulia anachokalia, Caravan haikihitaji. Ilitengenezwa irushwe na mtu mmoja. Kiti kipo kwa sababu kampuni nyingi za utalii na za bima zinapenda kuona marubani wawili mbele. Siku wakibadilisha mawazo, vijana wengi watarudi nyumbani.

Yeye alipata laiseni 2019. Mnaona mahali hii inaenda. Machi 2020 Korona ikafunga anga, na ndege za ndani hazikurudi mpaka 15 Julai. Hata ziliporudi, nani angeajiri mtoto wa masaa 200 wakati marubani wa maelfu ya masaa walikuwa wameketi nyumbani? Akapata kazi ya kupima mizigo kwenye kaunta. Miaka miwili, jamani. Laiseni iko mfukoni na anauliza wazungu uzito wao. Katikati ya hiyo miaka, kampuni moja ilimwambia ajilipie mwenyewe mafunzo ya Caravan ndio wamchukue. Familia ikachanga. Alipomaliza, jina lake halikuwahi kutokea kwenye ratiba. Siitaji hiyo kampuni, ila nikiona nembo yake bado napandwa na joto.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka yunivasiti mwaka wa pili, nikaanza kupiga video na simu. Kwenye mikutano ya familia tulikuwa tunalinganishwa: huyu anaruka, huyu anaruka-ruka. Kuna miezi nilikuwa nampita kwa pesa, na ni mimi nilikuwa namtumia nauli. Lakini Kogo alikuwa ananiombea mimi nipate kazi.

Pesa yenyewe ilitoka wapi? Majani chai. Shule ilimeza zaidi ya milioni tatu. Baba yake alichukua mkopo wa Sacco na kila mwezi malipo ya majani yanakatwa kabla hajayaona. Bonasi ikija inakatwa pia. Na mnajua bonasi zetu huku magharibi ya Bonde la Ufa, tukisoma za Kirinyaga na Murang'a kwenye magazeti tunazima simu. Hiyo chai inachumwa na watu watatu wenye migongo inayouma, kilo kwa kilo, kusubiri mtoto afikishe masaa.

Kuna kitu kingine nataka watu wa hapa wakumbuke, kwa sababu sisi sio wageni wa ndege ndogo. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe zaidi duniani. Unyevu kutoka ziwa Victoria unapanda hivi vilima mchana, na jioni majani yamechanika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka ya 1970 mashamba makubwa ya chai yalilipia marubani waende karibu na hayo mawingu wakamwage iodidi ya fedha, ndio mawe yawe madogo au yasishuke kabisa. Fikiria hiyo kazi. Kila mtu anakimbia ndani ya nyumba, wewe unaifuata radi ili majani ya mtu mwingine yapone.

Na 10 Juni 2008. Nilikuwa mdogo sana lakini nyumbani bado inaongelewa. Cessna 210 ilitoka Wilson ikija Kericho, ndani wakiwa Kipkalya Kones, waziri wa barabara na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Ikaanguka upande wa Narok. Wanne walikufa. Muulize mtu yeyote wa Bomet atakwambia Kones alikuwa nani, atakwambia mjane wake Beatrice alichukua kiti, na Joyce akachukua cha dada yake Lorna, baadaye akawa gavana. Sasa muulize jina la rubani.

Sisemi hivi kuwatisha. Ndege hizi hutua salama kila siku, na binamu yangu ni mwangalifu mpaka anakera. Hataki hata kuvuka barabara ya Kapsoit bila kuangalia mara tatu. Ninachosema ni kwamba tunalipia shati na picha, halafu kazi yenyewe hatuitaki kuijua.

Sasa shangazi yangu wa Litein ana kijana amemaliza fomu foo na anataka kumfuata binamu. Shangazi anataka kukodisha nusu ya shamba la chai kwa miaka kumi. Ameniuliza mimi, eti kwa sababu niko mtandaoni. Nilimwambia, shangazi, kwa heshima, usiweke sahihi mahali popote kwanza. Mpeleke kijana kwa daktari wa marubani, daraja la kwanza, maana kuna watu hulipa nusu ya karo ndio waambiwe macho hayafai. Kisha alipie saa moja tu angani na mwalimu, tuone kama atatapika. Halafu mkae chini mhesabu, sio pesa za kufika 200, bali atakula nini na atalala wapi Nairobi kutoka hapo mpaka mtu ampe kiti. Kama hesabu hiyo haina jibu, shamba libaki.

Hakufurahi. Alisema naongea kama mtu asiyetaka mwenzake apande.

Lakini kijana mwenyewe alinipigia usiku, akauliza maswali ya maana kuliko yangu. Kwa hivyo nimemwomba binamu aje Litein Jumapili ya kwanza atakayopata ofu, bila yunifomu, abebe kitabu chake cha masaa akiweke mezani mbele ya wazee. Mara ya mwisho nilipouliza kilikuwa kimefika 640.