Mita Iliyoelekea Ukutani

Katika ua wetu hapa Bukoto, mjini Kampala, tumo kaya sita na mita ya maji ni moja. Ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma, uso wake ukielekea ukutani, na ufunguo alikuwa nao mwenye nyumba. Ankara iligawanywa sawasawa, awe mpangaji ana watoto saba au anaishi peke yake.

Mwaka jana ankara ya mwezi mmoja ilipanda karibu maradufu. Lawama zote zikamwangukia jirani yetu, mke wa askari ambaye mumewe yuko kikosini mbali, kwa sababu ana watoto watano na kila siku kamba yake imejaa nguo. Akaanza kufunga mizigo. Mimi niliyesomea ualimu sikutia neno, na hilo hunitahayarisha hata leo.

Ni yeye mwenyewe aliyedai kisanduku kifunguliwe. "Mwalimu," akaniambia, "wewe wajua hesabu. Nisomee."

Usiku tulifunga mabomba yote, nikaandika namba. Alfajiri, kabla mtu hajachota, nikasoma tena. Lita 340 zilikuwa zimepita, yaani mitungi 17, na sote tumelala! Paipu ilikuwa imepasuka chini ya sakafu ya bafu. Mizigo ikafunguliwa.

Siku hizi zipo mita za kisasa zipelekazo hesabu zenyewe kwa mawimbi ya simu, na ambazo zaweza kutambua maji yanayopita saa za usiku. Zingalituokoa na fedheha ile. Lakini onyo litapelekwa kwa nani? Likienda kwa mwenye nyumba peke yake, mpangaji atazidi kulaumiwa kama zamani. Tena mita huhesabu kwa mita za ujazo, hali akina mama huhesabu kwa mitungi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Sijui kwa nini kioo chake kisiseme hivyo.

Huko Phiri, Soweto, wakazi walikwenda mahakamani kupinga mita za kulipa kabla, wakidai, pamoja na mengine, kwamba hawakushauriwa ipasavyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliupa ushindi upande wa jiji. Sheria ni sheria. Walakini nadhani mashauri machache uani, kabla ya fundi kuja na misumari, ni nafuu kuliko kesi.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha namna hiyo, ingawa hakuna aliyetuagiza. Jirani yangu alichukua kipande cha mkaa akachora ukutani mita aitakayo: madirisha sita, moja kwa kila kaya, hesabu kwa mitungi, na taa nyekundu ya kuwaka maji yakipita usiku. Uso wake aliuelekeza bombani, wachotapo watoto.

Mwenye nyumba alipita jioni, akausimamia mchoro huo kitambo. Hakuufuta.