Sentimita 13 na Nusu

Picha za Subaru WRX mpya zilitukuta Jumamosi moja ya Septemba 2021, kwenye gereji ya fundi wetu hapa Nakuru. Tulikuwa watu sita, boneti tatu ziko wazi, chai ya thamosi juu ya tairi kuukuu. Simu ikapita mkono kwa mkono kama picha ya bibi harusi ambaye wakwe hawajampenda. Mmoja akasema, "Wameliharibu, bana." Mwingine akauliza kama ile plastiki nyeusi iliyozunguka madigadi ni ya kubandua baada ya kulipa, kama nailoni ya kiti kipya. Fundi, ambaye sote tunamwita Mzee, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda, akasema, "Hili limenenepa." Akarudisha simu na kuendelea kufungua plagi.

Hukumu ikawa hiyo. Na mimi, mwanamke pekee pale na mwenye Impreza ya mwaka 1998 ambayo wote wanaimezea mate, niliiunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilitoa hata takwimu. Impreza ya kwanza, ile ya 1992, ilikuwa na urefu wa mita 4.34 na upana wa mita 1.69. Hii mpya ni mita 4.67 kwa 1.825. Uzito umetoka karibu kilo 1200 hadi karibu 1500. Yaani gari limeongezeka sentimita 33 kwa urefu na sentimita 13 na nusu kwa upana. Lazeni simu mbili sambamba mezani, huo ndio unene wenyewe. Ukiusikia haukutishi. Lakini jaribu kupita na gari hilo kwenye kichochoro cha mtaani kwetu, bodaboda upande huu, mama wa mahindi upande ule, ndipo utajua simu mbili ni kitu gani.

Udogo wa ile ya kwanza haukuwa bahati nasibu. Japani, gari lenye upana unaozidi mita 1.7 huhesabiwa kwenye daraja la magari makubwa. Wahandisi wa miaka ile walichora huku wakichungulia mstari huo, wakaishia sentimita moja tu kabla ya kuuvuka. Lakini leo soko kubwa kuliko yote la Subaru ni Marekani, na huko barabara ni pana, maegesho ni mapana, na hakuna anayejali mstari wa Japani.

Kuhusu sura, nilikuwa na hoja pia. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, Subaru walionyesha gari la mfano walilolipa jina VIZIV Performance. Mabega mapana, macho makali, limechuchumaa kama chui. Tuliipenda picha ile, wengine wakaiweka kwenye kioo cha simu. Tulipoletewa gari lenyewe tukaona tumepewa binamu yake. Siku nyingi baadaye niliirudia ile picha ya 2017, nikagundua kwamba vazi jeusi la madigadi lilikuwepo hata pale. Hatukuliona. Mtu akipenda, hata chongo huita kengeza.

Wala si mara ya kwanza. Impreza ya kizazi cha pili ilipotoka mwaka 2000 ikiwa na taa za mviringo, mashabiki dunia nzima walipiga kelele kwamba wamepewa mdudu. Kampuni ikabadilisha sura hiyo baada ya miaka michache tu. Leo nenda ukatafute ile ya macho ya mdudu iliyo safi, uone mwenyewe anavyokutajia bei bila kupepesa. Watu walewale walioitukana ndio wanaoisifia. Kwa hiyo nikisikia shabiki anasema gari jipya ni baya, nafsi yangu moja inakubali, na nyingine inauliza: utasema nini mwaka 2040?

Lakini sikukusudia kuandika kuhusu sura. Nilitaka kuandika kuhusu kaka yangu na mtoto wake.

Ugonjwa huu wa Subaru niliambukizwa na kaka. Mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza ya buluu, kaka alikuwa na miaka 18 na mimi 11. Alikata picha gazetini akaibandika kwa uji juu ya kitanda chake. Panya wakaila pembeni, yeye akabandika tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitambua ile sauti ya injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, mngurumo wenye kwikwi ambao ukiusikia usiku unajua ni nani anapita.

Mwaka 2009, jioni ya mvua, kaka alikuwa anarudi nyumbani kwa gari dogo la kuazima, si Subaru, la miaka ileile ya tisini. Pikapu ikatoka barabara ya pembeni bila kusimama, ikamgonga ubavuni, kwenye mlango wa dereva. Haikuwa mwendo wa ajabu. Lakini mlango ule ulikuwa bati, kioo, na hewa. Uliingia ndani mpaka kwenye nyonga yake. Alikaa hospitali miezi minne, na hadi leo mguu wa kulia haukunji vizuri.

Mwaka uleule wa 1997 ambao tulikuwa tunashangilia McRae, Ulaya ulianzishwa mpango wa Euro NCAP wa kugonga magari mapya kwa makusudi na kutangaza matokeo hadharani. Sisi hatukuwa na habari nao. Lakini tangu hapo viwanda vimekuwa vikishindania nyota, na nyota hazipatikani kwa bati na hewa. Mlango unawekwa chuma ndani. Unatafutiwa nafasi kati ya chuma hicho na mbavu za mtu. Pembeni ya kiti unafungwa mfuko wa hewa. Nguzo zinazoshika paa zinanenepa. Ukijumlisha hayo yote, ubavu huu na ubavu ule, utaanza kuona ni wapi sehemu ya zile sentimita 13 na nusu imekwenda.

Haya yote niliyajua. Niliyajua hata Jumamosi ile nikiwa nimeshika chai na kucheka unene wa gari. Mtu anaweza kujua kitu kwa miaka kumi na kisimguse.

Mwaka jana mtoto wa kaka alikuja kwangu. Ana miaka 19, ana leseni mpya mfukoni, na amekulia kwenye kiti cha nyuma cha Impreza yangu. Alinisalimu kwa adabu isiyo ya kawaida, akakaa, akasema, "Shangazi, niuzie gari. Nitakulipa polepole."

Nikamwambia hapana kabla hajamaliza sentensi.

Akaniuliza kwa nini. Nikazunguka: spea ni ghali, tabo imechoka, bima itakumaliza. Akasikiliza. Kisha akauliza lile swali. "Si wewe ndiye husema mapya yamenenepa? Kwamba hilo ndilo gari la mwisho la kweli?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa amenisoma vizuri kuliko ninavyojisoma. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisifu wembamba wa gari lile kama fadhila, na siku damu yangu ilipotaka kuketi nyuma ya usukani wake, nilichoona ni mlango. Nikamwambia ukweli: "Nenda ukatazame mguu wa baba yako, halafu urudi tuongee." Aliinamisha kichwa. Nilijuta ukali wangu, sikujuta maneno.

Sisemi kwamba mashabiki tunalia bure. Gari zito linakula breki na tairi, na kona haikupi ule ujumbe liliokupa gari jepesi kupitia usukani. Nguzo nene zinaficha mtu anayevuka barabara. Na kuna hesabu nyingine ambayo wenye magari hatupendi kuipiga: kila kilo tunayoongeza kujilinda sisi tulio ndani, kuna mtu wa baiskeli nje ambaye hakuongezewa kitu. Mambo hayo yana uzito. Lakini mengi tunayoyaita mapenzi ya udogo ni mapenzi ya umri tuliokuwa nao gari lilipokuwa dogo. Mimi nikiingia kwenye Impreza yangu ninaingia kwenye chumba cha kaka, na picha ya gazeti iliyoliwa na panya. Kijana wa miaka 19 haingii humo. Yeye anaingia kwenye bati.

Wikendi ya Safari Rally, tulienda Naivasha, mimi, kaka na kijana. Kwenye maegesho kulikuwa na WRX mpya, nyeupe, plastiki zake zote zimejaa vumbi, na kusema kweli vumbi lilizipendeza. Mwenyewe alikuwa mkarimu, akamfungulia kaka mlango. Kaka huingia kwenye gari langu kwa mafungu: makalio kwanza, kisha anaubeba mguu kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Hapa aliketi, akauburuza mguu, ukaingia wenyewe. Akaufunga mlango, ukalia puu, sauti nzito kama ya kabati. Akaupapasa kwa ndani kwa muda bila kusema kitu.

Alipotoka nikamuuliza, "Unaonaje?"

"Ni baya," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Lakini ukipata pesa, ununue hili."

Njiani kurudi Nakuru nilimpa kijana usukani wa lile langu, mimi nikiwa kando yake. Hakuzidi kilomita themanini.