Dogo, achana na viberiti

Nimepotea kidogo, mnajua tena mambo ya mitihani ya katikati ya muhula, huku majuu hawana huruma hata chembe. Leo nataka kumjibu mdogo wangu, na nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu najua washkaji zake wanapita humu.

Dogo yuko kidato cha tatu huko nyumbani. Aliona picha za roketi tunazorusha hapa Nebraska siku za Jumamosi, mimi na jamaa wengine wa uhandisi, akapagawa. Juzi kanitumia ujumbe. Eti yeye na wenzake wawili wamekwangua vichwa vya viberiti mpaka wamejaza kopo, wamepata na kipande cha bomba la chuma kwa fundi, sasa kaka naomba vipimo tu. Halafu mwishoni, kama kawaida yake: usimwambie mama.

Vipimo sitoi. Hicho kopo mkimwagie maji leo hii, na bomba mlirudishe kwa fundi. Ukishamaliza ndio uendelee kusoma, maana nitakueleza kila kitu kingine, na vitu vingine ni vingi kuliko unavyodhani.

Kwanza hizo roketi za kwenye picha ni karatasi. Usicheke. Mwili ni bomba la karatasi ngumu, kama lile linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, refu zaidi tu. Pua ni plastiki au balsa, na balsa ni mbao nyepesi mpaka unahisi umeshika sponji. Mapezi nayo balsa. Parachuti ni kipande cha plastiki, kama ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku kwetu mwaka 2019. Chuma hairuhusiwi kwenye pua, mwili wala mapezi, na hiyo iko juu kabisa kwenye orodha ya masharti ya usalama. Wewe umeanza na bomba la chuma!

Injini ni kidude cha karatasi kinene kama kidole gumba, kipenyo milimita 18, urefu milimita 70, chenye kitundu cha udongo chini kwa kutolea moshi. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hatutengenezi wenyewe. Tunanunua. Na hapo ndipo pana stori ambayo dogo nataka uisikie, kwa sababu ilianzia jimbo hili hili ninaloishi.

Mwaka 1954, mji wa Norfolk hapa Nebraska, kulikuwa na muuza viatu anaitwa Orville Carlisle. Yeye alikuwa mtundu wa fataki. Ndugu yake Robert alikuwa mtu wa ndege za mfano, akawa anahitaji kitu cha kuwaonyesha watu roketi inavyofanya kazi. Orville akamtengenezea roketi nyepesi ya karatasi na balsa, yenye injini ndogo ya kubadilisha, inayorudi chini kwa parachuti. Mwanzoni mwa 1957 akasoma makala ya bwana mmoja, G. Harry Stine, aliyekuwa anafanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, New Mexico. Makala ilihusu usalama. Carlisle akaona, ah, mbona jibu ninalo mimi, akamtumia Stine roketi zake.

Oktoba mwaka huo huo Warusi wakarusha Sputnik. Basi bwana, vijana wa Marekani nzima wakaingia gereji na mabomba na kemikali, kama ninyi tu. Kuna waliopoteza vidole, waliopoteza macho, na wapo ambao hawakurudi nyumbani kabisa. Hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa ndio wale vichwa wa darasa, na hilo ndilo linalonitisha nikikufikiria wewe.

Stine alianzisha kampuni ya kuuza roketi za mtindo wa Carlisle, injini zikawa hazitoshi. Huko Denver akapatikana Vernon Estes, ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara ya fataki. Estes akaunda mashine, akaipa jina Mabel, ikawa inashindilia injini moja kila sekunde 5 na nusu. Kampuni yake baadaye ilihamia Penrose, Colorado, na jina lake mpaka leo liko kwenye vifurushi vya roketi tunavyonunua.

Kwa nini mashine? Hapa sikiliza kwa makini. Baruti iliyoshindiliwa sawasawa inakuwa ngumu kama jiwe, na moto unaila kwa mpangilio, tabaka baada ya tabaka, kama sigara inavyoungua. Ikiwa imelegea, au ina ufa mwembamba kama unywele, moto unapenya ndani. Sehemu inayoungua inaongezeka ghafla, gesi inajaa kuliko kitundu kinavyoweza kutoa, na hapo huna roketi tena, una bomu. Hata injini ya dukani ikiachwa kwenye gari ipate joto na baridi mara kwa mara inaweza kupata ufa na kupasuka. Tofauti ni kwamba ganda lake ni karatasi na wewe umesimama mita 5. Ganda lako ni chuma na wewe umelishika.

Na vichwa vya viberiti ndio kabisa. Kile kitu kimetengenezwa kiwake kikisuguliwa. Sasa unapokishindilia kwa msumari ndani ya bomba, unafanya nini kama si kukisugua?

Najua utaniuliza, si unitumie hizo injini basi. Haiwezekani. Zinahesabiwa kama vilipuzi, hazipandi ndege kwenye begi la mtu, na huko kwetu baruti ina sheria yake na vibali vyake. Tusidanganyane.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Mtu anadhani roketi ni ule mwako. Mwako wa injini ya C6 unaisha ndani ya sekunde 2. Kazi ni wiki nzima kabla yake. Jamaa mmoja wa bwenini kwetu anatumia jioni mbili kwa mapezi matatu tu, na simlaumu. Mistari ya balsa lazima ifuate ukingo wa mbele wa pezi, la sivyo linakatika likigusa chini. Unapiga msasa ukingo wa mbele uwe wa mviringo. Unataka mstari ulionyooka kwenye bomba la mviringo? Unalilaza kwenye kona ya fremu ya mlango na kupitisha penseli, fremu inakuwa rula yako. Gundi ya mbao unapaka pande zote mbili, unaacha ikauke kidogo, unapaka tena, ndio unabandika. Pezi likikaa upande hata kidogo roketi inazunguka kama pia.

Halafu kuna kipimo kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote, na hakitaki kompyuta. Unaweka injini ndani, unatafuta sehemu ambapo roketi inakaa sawa juu ya kidole, hicho ndicho kitovu cha uzito. Unafunga uzi hapo, unaizungusha juu ya kichwa kama teo. Ikitangulia pua, imepita. Ikitangulia mkia au ikipepesuka, ukiirusha itageuka hewani na kukufuata wewe. Sababu ni kwamba upepo unaisukuma zaidi nyuma, kwenye mapezi, na uzito unatakiwa uwe mbele ya sehemu hiyo kwa angalau upana mmoja wa bomba. Haijapita? Ongeza udongo wa kuchezea ndani ya pua, au kuza mapezi. Watu wengi wakiona roketi haijanyooka wanafikiri inahitaji nguvu zaidi. Hapana, inahitaji pua nzito.

Ile C6-5 uliyoiona kwenye picha ukaniuliza ni nini: herufi ni jumla ya msukumo, C inaishia nyutoni-sekunde 10, na kila herufi inabeba mara mbili ya iliyotangulia. 6 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. 5 ni sekunde za kusubiri baada ya mwako kuisha, kisha kinalipuka kishindo kidogo kinachotupa parachuti nje. Ukichagua namba ndogo mno parachuti inatoka roketi bado inapanda kwa kasi, inachanika. Kubwa mno, inatoka ikiwa tayari inaporomoka. Chini ya parachuti tunajaza karatasi maalumu isiyoshika moto, la sivyo plastiki inayeyuka inakuwa kama ubani. Na kwenye baridi ya huku tunaipaka poda ya mtoto ili isigande ikikunjwa. Nikienda dukani kununua poda ya mtoto yule dada ananiangalia sana, sijui anafikiri nini.

Siku ya kurusha ni masharti matupu. Kuwasha ni kwa umeme wa betri kupitia waya mrefu, kiberiti marufuku. Kuna ufunguo, na anayekwenda karibu na roketi ndiye anautia mfukoni. Tunahesabu kwa sauti kuanzia tano. Ikigoma kuwaka, unatoa ufunguo na kusubiri dakika nzima kabla ya kuisogelea. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa tunarudi nyumbani. Na roketi inageukia upepo unakotoka, si unakokwenda, hiyo ilinishangaza sana mwanzoni.

Haya dogo, wewe sasa. Tafuta chupa ya soda ya plastiki, ya lita moja na nusu. Ya soda, si ya maji ya kunywa, maana ya soda imetengenezwa kubeba presha ya gesi na ile ya maji ni nyembamba. Iwe haina mikwaruzo. Tafuta kizibo cha mpira kinachobana, kitobolewe, kipitishwe vali ya tyubu chakavu ya baiskeli. Maji theluthi moja ya chupa. Igeuze mdomo chini kwenye kistendi cha mbao, unganisha pampu ya baiskeli kwa mpira mrefu, pampu ikiwa mbali nawe mnasimama huko. Kizibo kitajiachia chenyewe presha ikitosha. Ikigoma, fungua hewa kwenye pampu kwanza, na usiinamie chupa hata siku moja.

Usiniambie huo ni mchezo wa watoto. Hewa iliyobanwa inatupa maji chini kwa nguvu, chupa inakwenda juu, ni Newton yule yule. Maji ni mazito ndiyo maana yanasukuma kuliko hewa peke yake, lakini ukijaza mno unakosa nafasi ya hewa ya kuyasukuma. Mapezi kata kwenye boksi gumu. Pua weka udongo wa mfinyanzi. Kipimo cha uzi fanya chupa ikiwa tupu, kwa sababu maji yanaisha chini ya sekunde moja na safari iliyobaki inasafiri tupu. Uwanja wa shule unatosha. Mwalimu wa fizikia mwambie, na mama naye mwite aje aangalie, muwekeni upande upepo unakotoka asilowe.

Na usiniletee ile ya kwamba roketi ni mambo ya huku tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Wataliano na NASA walirusha setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, wakaiita Uhuru, jina la Kiswahili. Walipapenda pale kwa sababu ni karibu na ikweta, dunia inapozunguka kwa kasi zaidi na kukupa msukumo wa bure. Urushaji wa mwisho pale ulikuwa 1988.

Kazi yako ya likizo ni hii. Chukua kipimapembe, kibandikie mrija wa soda, kining'inizie uzi wenye kokoto. Mwenzako asimame mita 50 kutoka kwenye kistendi, aifuate chupa kwa jicho kupitia mrija mpaka kileleni. Pembe ikiwa digrii 31, tanjenti yake ni 0.6, mara 50 ni mita 30, ongeza kimo cha macho yake. Rusha mara kumi, badilisha kiasi cha maji tu, vingine vyote usiguse. Andika kwenye daftari, kisha nitumie. Nataka namba, video mbaki nazo.

Mimi ngoja nikapige msuli, kesho nina pepa ya saa mbili asubuhi na mada ya joto na mwendo haijaingia kichwani bado.